Picha ya Mbuzi wa Jirani

Mwaka 1916, meli za Waingereza zikiwa zimeufunga mwambao na vita vikiwa vimeikaba koloni ya Wajerumani ya Afrika Mashariki, karakana ya reli mjini Tabora iligeuzwa kiwanda cha fedha. Miongoni mwa zilizotoka humo ni sarafu ya dhahabu ya rupia 15: upande mmoja tai wa Ujerumani, upande wa pili tembo aliyeinua mkonga, nyuma yake mlima. Dhahabu ilichimbwa Sekenke, huko Iramba. Zilipigwa zaidi kidogo ya 16,000 tu, na wakusanyaji wa sarafu duniani wanaziwania hadi leo. Mtu akizitafuta kwenye masoko ya mtandaoni atawakuta tembo wa namna tatu. Wapo wa kweli, wanaouzwa na watu walio nao mkononi. Wapo wa nakala, wanaouzwa waziwazi kuwa ni nakala. Na wapo wa namna ya tatu, ambao ndio walioniandikisha makala haya: tangazo lina picha safi ya sarafu halisi, lakini muuzaji hajapata kuishika sarafu hiyo. Picha ameinyofoa kwa mkusanyaji aliyeipiga kwa ajili ya kumbukumbu zake na kuwaonyesha wenzake, au kwenye orodha ya mnada uliopita zamani. Atakachokituma kwa posta, kama atatuma chochote, ni kitu kingine kabisa.

Biashara ya kununua usichokiona tumeipa jina siku nyingi: kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Lakini anayenunua mbuzi kwenye gunia walau anajua kwamba hakumwona. Muuzaji wa picha ya kunyofoa amekwenda mbele zaidi. Gunia amelibandika picha ya mbuzi wa jirani, naye mnunuzi anatoa fedha akiamini kwamba amekwisha kumkagua, meno hadi kwato. Wakusanyaji wakilalamika hulalamika kwa lugha ya hakimiliki: nimeibiwa picha yangu. Lalamiko hilo ni la haki, nami nitaeleza kwa nini sheria za nchi nyingi zinaliunga mkono. Hata hivyo naona limekaa pembeni ya jambo lenyewe. Katika uuzaji wa kitu kisicho na pacha, picha ni ushahidi. Anayeweka picha ya mali ya mwingine ametoa ushahidi wa uongo juu ya kile anachokiuza, na wa kwanza kuumia ni mnunuzi, kabla hata ya mpiga picha. Kwa hiyo dawa ianze kutafutwa kwenye kanuni za mauzo, hakimiliki ifuate nyuma.

Ili kuona kwa nini picha inabebeshwa mzigo mkubwa hivyo, tuichukue sarafu ambayo wazee wa mwambao waliijua vizuri: reale ya Maria Theresa. Malkia huyo wa Austria alifariki mwaka 1780, na reale zilizoendelea kupigwa baada yake, hadi ndani ya karne ya 20, zote zimeandikwa mwaka huohuo wa 1780. Zilipigwa Vienna, baadaye hata Roma, London, Paris, Brussels, Birmingham na Bombay, zikazunguka Uhabeshi, Omani, Ghuba na pwani yetu. Mwaka ulioandikwa, basi, haumwambii mnunuzi lolote kuhusu umri wa sarafu iliyo mbele yake. Vinavyosema ni vitu vidogo: lulu za kwenye pini ya begani, zimepangwaje na ni ngapi, manyoya ya mkia wa tai, alama za ukingoni. Reale mbili ambazo mpita njia ataapa kuwa ni mapacha zinaweza kupishana umri kwa zaidi ya miaka 100, na bei nayo ikapishana vivyo hivyo. Tembo wa Tabora nao wataalamu huwagawa mafungu mawili kwa kutazama pambo la upande wa kulia linaishia chini ya herufi gani ya neno Ostafrika, T au A. Pesa ya shaba ya Sayyid Barghash, sultani wa Zanzibar, ile yenye mizani, iko ya mwaka 1299 wa Hijria na iko ya 1304. Juu ya yote hayo kuna hali ya sarafu yenyewe. Iliyosuguliwa kwa ndimu na majivu mpaka ikang'aa imeharibiwa machoni pa mkusanyaji, hata kama kwa mtu mwingine imependeza kama mpya. Maneno ya tangazo hayawezi kubeba haya yote. Picha huyabeba, na huyabeba kwa niaba ya sarafu moja tu, ile iliyokuwa chini ya lenzi siku hiyo.

Na picha yenyewe haiji kwa kubonyeza simu tu. Madini yaliyosuguliwa ni kioo. Ukiyamulika ovyo yanakurudishia taa yako mwenyewe, na sura ya malkia inamezwa na weupe. Wapo wanaoweka taa mbili juu ya sarafu, moja ilipo saa nne na nyingine ilipo saa nane. Wapo wanaosimamisha kipande cha kioo kwa nyuzi 45 kati ya lenzi na sarafu, ili mwanga ushuke wima na kupanda wima, na kila ukoko wa rangi ulioachwa na miaka uonekane. Kuinamisha sarafu kidogo tu kunaweza kuufufua mng'ao uliobaki tangu siku ya kupigwa, na kunaweza pia kuuficha mkwaruzo unaokata shavu la malkia. Ndiyo maana watu wawili wakiipiga sarafu moja, picha zao zinaweza kuonekana kama za sarafu mbili. Kila moja ya hatua hizo ni uamuzi wa mtu, na uamuzi wa mtu ndio ambao sheria ya hakimiliki huutafuta kwenye picha.

Hapo ndipo linapoingia pingamizi la kwanza, ambalo wauzaji hulitoa wakiwa wamejiamini kabisa: tembo hakuchongwa na mpiga picha, serikali iliyoitoa sarafu imekwisha kufa, sasa mtu anadai nini? Anadai picha, hadai tembo. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 inamtaja mtunzi wa picha kuwa ni yule aliyehusika na mpangilio wake, na inataka kazi iwe imetolewa juhudi ya kutosha kuipa sura yake yenyewe. Haiulizi kitu kilichopigwa ni cha nani. Sheria ya Tanzania ya 1999 nayo inazitaja picha miongoni mwa kazi zinazolindwa, na ulinzi huo hausubiri mtu ajiandikishe kwanza. Marekani, swali hili lilifika mahakama ya rufaa mwaka 2000 katika kesi ya mpiga picha Ets-Hokin dhidi ya kampuni ya vodka ya Skyy. Kilichopigwa kilikuwa chupa, kitu cha kawaida kilichobuniwa na mtu mwingine, na mahakama ikasema picha zake zinalindwa, kwa kuwa mwanga, pembe na mandhari aliyachagua mpiga picha. Kesi hiyo ina mkia ambao mara nyingi husahaulika. Mwaka 2003 mpiga picha huyohuyo alishindwa, kwa sababu picha alizozilalamikia zilikuwa zimepigwa upya na watu wengine; zilifanana na zake kwa kuwa chupa ni ileile. Kwa lugha ya sokoni: hakuna anayemzuia muuzaji kupiga picha ya sarafu yake, hata kwa taa na pembe zilezile. Anachozuiwa ni kuitwaa iliyopigwa na mwenzake. Muuzaji mwenye sarafu mkononi hanyimwi chochote na kanuni hiyo.

Lakini tuseme ukweli wote, maana hakimiliki ni jamvi lenye matundu. Mwaka 1999, katika kesi ya Bridgeman dhidi ya Corel, mahakama moja ya New York iliamua kwamba picha inayonakili tu kitu bapa, kama mchoro wa zamani uliokwisha kutoka kwenye ulinzi, haina ubunifu wa kuilinda. Umoja wa Ulaya ukaelekea hukohuko katika agizo lake la 2019: nakala ya kazi ya sanaa ya macho iliyokwisha kuwa mali ya wote hailindwi, isipokuwa nakala hiyo iwe na ubunifu wake yenyewe. Huko Ujerumani, miezi michache kabla ya agizo hilo, mahakama ya juu ilikuwa imeupa ushindi mkusanyo wa makumbusho ya Mannheim, kwa kuwa sheria ya nchi hiyo ilizilinda hata picha za kawaida kwa miaka 50. Msomaji anaona jinsi kamba inavyovutwa huku na huku. Kwa mkusanyaji wa sarafu tofauti hii si ndogo, kwa sababu sarafu ina vilima na mabonde na inadai mwanga uchaguliwe. Mkusanyaji wa stempu amekaa vibaya zaidi. Amelaza stempu yake ya Zanzibar kwenye skana, akabonyeza, picha imetoka. Mbele ya hakimu wa New York huenda asiwe na la kudai. Je, muuzaji akiichukua picha hiyo na kuuzia stempu nyingine, hajakosea? Amekosea kwa kiwango kilekile. Muhuri wa posta umeangukia hapa na si pale, meno ya ukingoni yamekatika kona hii na si ile, na mnunuzi amedanganywa kama yule wa sarafu. Kosa limebaki palepale ingawa hakimiliki imetoweka. Hilo peke yake linatosha kuonyesha kwamba tumekuwa tukilipima kosa kwa mizani isiyo yake.

Hata pale hakimiliki inapokuwepo bila shaka, njia ya kuidai imejengwa kwa namna ambayo haimsaidii aliyeumia. Masoko makubwa hufuata mtindo wa sheria ya Marekani ya 1998: mwenye haki hutuma taarifa, soko huliondoa tangazo, muuzaji akipinga kwa maandishi linaweza kurudishwa ndani ya wiki mbili hivi za siku za kazi, isipokuwa mlalamikaji afungue kesi. Kenya iliingiza utaratibu wa kuondoa maudhui kwenye sheria yake mwaka 2019. Tanzania ina kifungu kuhusu ukiukaji wa miliki bunifu katika Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015. Neno la kuangalia kwenye taratibu za kuondoa maudhui ni mwenye haki. Mnunuzi aliyeitambua picha, anayejua sarafu hiyo iliuzwa mnadani na iko kwa fulani, hana nafasi ya kusema kwenye mlango huo; ataambiwa amtafute mpiga picha. Naye mpiga picha akipatikana, akaandika, picha ikaondolewa, muuzaji ana nyingine mfukoni kabla jua halijazama. Anayetaka kwenda mahakamani Marekani akiwa Dar es Salaam au Mombasa hahitaji kuandikisha picha yake kwanza, kwa kuwa sharti hilo ni kwa kazi za Kimarekani. Lakini bila kuandikisha mapema hawezi kudai zile fidia za kisheria zinazoanzia dola 750. Atabaki kudai hasara halisi, na hasara halisi ya picha moja ya reale ni ada ambayo haitoshi kumlipa wakili hata barua. Chombo cha madai madogo ya hakimiliki kilichoanza kupokea mashauri Marekani mwaka 2022, chenye ukomo wa dola 30,000, hakimshughulikii mdaiwa anayeishi nje ya nchi hiyo, na hata aliye ndani anaruhusiwa kukataa kushitakiwa hapo.

Lipo pingamizi ambalo nalipitia haraka, kwa sababu limekwisha kujibiwa: picha ilikuwa wazi kwenye intaneti, aliyeiweka hadharani aliitoa sadaka. Mwaka 2018 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua kesi ya mpiga picha Renckhoff, aliyekuta picha yake ya mji wa Córdoba kwenye tovuti ya shule moja ya Ujerumani. Mwanafunzi aliichukua kwenye tovuti ya utalii ambako ilionekana bila kizuizi chochote, akaitumia kwenye kazi yake ya darasani. Hapakuwa na biashara wala nia mbaya. Mahakama ikasema kuiweka upya kwenye tovuti nyingine ni kuifikisha kwa hadhira mpya, na idhini mpya inatakiwa. Kama mtoto wa shule alihitaji idhini, sijui muuzaji ataegemea wapi.

Pingamizi zito zaidi ni lile la mfano. Muuzaji anasema: picha ni ya kuonyesha aina ya bidhaa, kila mtu anafanya hivyo. Na kwa sehemu kubwa ya biashara yuko sahihi. Simu mpya iliyofungwa kwenye boksi, betri, kilo ya sukari, vyote vina mapacha maelfu, na picha ya kiwandani inamwakilisha kila pacha bila uongo. Amazon imejengwa juu ya wazo hilohilo, wauzaji wengi kwenye ukurasa mmoja wa bidhaa na picha zilezile. Kasoro inaanza pale desturi ya bidhaa zenye mapacha inapohamishiwa kwenye vitu visivyo na pacha. Masoko yenyewe yanaijua tofauti hiyo: eBay, kwa mfano, haimruhusu muuzaji wa kitu kilichotumika kuweka picha ya kiwandani badala ya picha ya kitu chenyewe, na inakataza picha za watu wengine zisizo na idhini. Kanuni ipo kwenye karatasi. Haisimamiwi mpaka mtu alalamike, na tumekwisha kuona ni nani anayesikilizwa akilalamika.

Mtego ulio hatari zaidi kwenye neno hili la mfano uko kwenye sarafu zilizothibitishwa. Kampuni kama PCGS, iliyoanza 1986, na NGC, iliyoanza 1987, hukagua sarafu, huipa daraja, na kuifunga kwenye kifuko kigumu cha plastiki chenye namba. Mnunuzi anaweza kuiandika namba hiyo kwenye tovuti ya kampuni na kuona kama inalingana. Ni ulinzi mzuri, lakini tazama unavyopinduliwa. Mwizi wa picha hutwaa picha ya kifuko cha mkusanyaji fulani, namba ikisomeka vizuri. Mnunuzi mwangalifu, yule aliyefundishwa asikurupuke, anaikagua namba, inakubali. Sarafu ipo, daraja ni lile, pengine hata picha ya kampuni inafanana. Kila kitu ni kweli isipokuwa kimoja: sarafu iko kwenye kabati la mtu mwingine. Uangalifu wake ndio uliomshawishi atoe fedha. Ukimwambia mnunuzi huyo kwamba alichofanyiwa ni ukiukaji wa hakimiliki ya mpiga picha, atakushangaa.

Wapo pia wanaouliza mkusanyaji anapoteza nini, kwa kuwa sarafu yake haijaondoka nyumbani. Anapoteza jina la sarafu. Kwenye mambo haya historia ya kitu, kilitoka kwa nani kikaenda kwa nani, ni sehemu ya bei yake, na siku hizi historia hiyo hufuatwa kwa picha. TinEye ilianza kutafuta picha kwa picha mwaka 2008, Google ikafuata 2011, na leo mnunuzi makini au mtu wa mnada hupitisha picha humo kabla ya kutoa bei. Mkusanyaji anayekuja kuuza sarafu yake halali miaka mitano baadaye atakuta picha yake imetapakaa kwenye matangazo ya walaghai, na maelezo yote yatatakiwa kwake. Yeye aliye na kitu ndiye atakayeshukiwa kuwa ameokota picha. Sijui jina lingine la jambo hilo zaidi ya hasara.

Hasara nyingine inatuhusu sisi huku kuliko tunavyodhani. Wakusanyaji wengi, wakichoka, hufanya moja kati ya mawili: huziondoa picha zao, au huzichapa jina lao katikati kwa herufi kubwa, juu kabisa ya pale panapotakiwa kusomwa. Ushauri wa kuweka chapa hutolewa kwa wepesi mno. Chapa ya pembeni hukatwa kwa sekunde mbili. Chapa ya katikati inamzuia mwizi na inamzuia pia mwanafunzi anayetaka kuhesabu lulu za malkia. Sasa fikiria sarafu za historia yetu: riale za fedha za Barghash, sarafu za Mombasa za Kampuni ya Kiingereza za 1888, rupia na heller za Wajerumani. Vielelezo vingi vizuri viko kwenye makusanyo ya Ulaya na Marekani. Mwalimu wa historia wa Tabora hataviona isipokuwa kwa picha ambazo watu wasiomjua wamezipiga kwa uangalifu na kuziweka bure kwenye orodha za pamoja kama Numista, majina yao yakiwa chini yake. Kila mkusanyaji anayefunga kabati lake kwa sababu ya walaghai anamfungia na mwalimu huyo.

Nimeliacha mwisho pingamizi la mnyonge, kwa kuwa ndilo linalostahili kujibiwa kwa upole. Biashara ya mtandaoni kwetu kwa sehemu kubwa ni ya udalali. Kijana wa Kariakoo hana mzigo. Ana simu, ana kundi la WhatsApp la wenye mizigo, na picha hutoka kwa mwenye duka zikapita kwa watu kumi kabla ya kumfikia mteja. Ukimlazimisha kila mtu kupiga picha yake mwenyewe, si umemnyang'anya riziki? Jibu ni kwamba dalali wa kweli hakuwahi kuwa na mali, lakini siku zote alikuwa na kibali cha mwenye mali. Nyumba anayoipeleka mteja kuitazama si yake, ila ufunguo amepewa. Picha iliyotoka kwa mwenye sarafu na kupita kwa madalali kumi, kila mmoja kwa ruhusa, bado ni picha ya sarafu itakayouzwa, mnyororo haujakatika. Iliyonyofoliwa kwa mkusanyaji wa Hamburg ambaye hana habari na hauzi haina mnyororo wowote. Kanuni ninayoitetea haimwulizi dalali kamera yake iko wapi. Inamwuliza: hiki kilicho pichani ndicho nitakachokipokea?

Na kanuni hiyo si mpya. Sheria za mauzo ya bidhaa za Kenya na Tanzania zote zimerithi shina moja, sheria ya Kiingereza ya 1893, na shina hilo lina sharti ambalo halihitaji hata kuandikwa kwenye mkataba: kitu kinachouzwa kwa maelezo lazima kilingane na maelezo. Waliotunga sheria hiyo hawakuwa na Instagram akilini, lakini sioni hakimu makini atakayesema neno ni maelezo na picha si maelezo, hasa pale tangazo lilipokuwa na picha na bei tu. Sheria ya Ushindani Halali ya Tanzania ya 2003 inakataza mwenendo wa kupotosha katika biashara; Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Mlaji ya 2012. Vifaa vipo kwenye boksi. Kinachopungua ni masoko ya mtandaoni kukubali kwamba tangazo la kitu kisicho na pacha lenye picha ya kitu kingine ni tangazo la uongo, na kumpa kila aliyeligundua uwezo wa kulishitaki, awe mpiga picha, mnunuzi au mpita njia. Uwezo wa kitaalamu wa kulinganisha picha mpya na zilizokwisha kuwekwa upo kwa zaidi ya muongo. Nitaambiwa mashine zitakosea, kwamba mtu aliyenunua mnadani anaweza kuwa anaiuza tena sarafu ileile kwa picha ileile, tena kwa ruhusa. Kweli, na ndiyo sababu tangazo lisifutwe na mashine. Muuzaji aombwe jambo moja lisilomshinda mwenye mali: picha mpya, ya leo, sarafu ikiwa kando ya kikaratasi chenye jina lake la dukani na tarehe. Wauzaji wa saa za mkono na wa kadi za michezo wamekuwa wakifanya hivyo wao kwa wao bila kulazimishwa na sheria yoyote. Mwenye sarafu hutumia dakika moja. Asiye nayo atakuwa na maelezo marefu.

Msomaji wangu hana haja ya kungoja masoko yabadilike. Ukiona tembo wa Tabora au reale iliyokupendeza, hasa kwa muuzaji anayetaka ulipe moja kwa moja kwa simu, mwombe picha mbili kabla hujabonyeza namba ya siri: moja yenye kikaratasi, nyingine sarafu ikiwa imeinamishwa kwenye mwanga wa dirishani ili uso wake uonekane kwa pembe tofauti na ile ya tangazo. Akisema yuko safarini, msubiri arudi. Na ukiitambua picha kuwa ni ya mkusanyaji unayemjua, mpelekee kiungo cha tangazo siku hiyohiyo. Kwa taratibu zilivyo sasa, soko litamsikiliza yeye kabla yako.